Kwa mwalimu unayeanza kupima macho ya wanafunzi

Kabla ya kumwita mtoto wa kwanza, pima mita 6 kwa utepe, si kwa hatua, kutoka kwenye chati (karatasi ya herufi E zinazoelekea pande tofauti, mtoto aonyeshe kila moja inaelekea wapi), kisha chora mstari wa chaki pale atakaposimama. Mita zikipungua, mwenye uoni hafifu atafaulu na hutajua. Chumba kikiwa kifupi, tumia chati iliyotengenezwa kwa mita 3. Kama mmechapisha wenyewe chati ya mita 6, chukua rula: E ya mstari wa 6/12 (ule ambao mwenye macho mazima huusoma akiwa mita 12) iwe na urefu wa milimita 17.5 hivi. Printa mara nyingi huipunguza. Usiibandike kando ya dirisha, maana mwanga ukimpiga mtoto usoni hata macho mazima hushindwa.

Muwe wawili. Mmoja aonyeshe E, mwingine asimame karibu na mtoto na kumtazama yeye tu. Hapa ndipo vipimo vingi huharibika. Jicho lifunikwe kwa kiganja bila kulikandamiza. Vidole huacha upenyo, na jicho lililokandamizwa huona ukungu zamu yake ikifika. Akifinya macho mkataze, kwani kufinya humsaidia kuona. Kila jicho lipimwe peke yake: mtoto mwenye jicho moja bovu hucheza na kusoma kama wenzake, huku ubongo ukilipuuza lile bovu. Hilo ndilo jicho vivu, na tiba yake huzaa matunda zaidi akiwa bado mdogo.

Asipotambua E 4 kati ya 5 kwenye 6/12, hata kwa jicho moja, rudia. Akishindwa tena, mpe rufaa. Anayefaulu lakini kichwa humuuma akisoma naye aende, maana asiyeona vizuri karibu anaweza kuisoma chati ya mbali bila taabu. Mboni ikionekana nyeupe, ni hospitali siku hiyohiyo, bila kusubiri orodha ya rufaa.

Rufaa nyingi hufia nyumbani. Katika utafiti wa shule za Trans Nzoia, Kenya, uliochapishwa 2018, wazazi walipokumbushwa kwa ujumbe wa simu na kupewa picha ya jinsi mtoto wao anavyoona, 54% ya waliopewa rufaa walifika hospitali, dhidi ya 22% kwa utaratibu wa kawaida. Kwa hiyo mpigie mzazi, tena umweleze mapema kuhusu matone ya kupanua mboni ambayo mtoto anaweza kutiwa hospitali: mtoto ataumizwa na mwanga na hataweza kusoma kwa saa kadhaa, pengine hadi kesho yake. Asipojua hilo, atasema dawa imemharibu mtoto, na jirani zake hawatawapeleka watoto wao.