Muulize Sista: Nimwekee mwanangu programu ya kumfuatilia kwa siri?

SWALI: Sista, habari ya kazi? Kijana wangu ana miaka 24, yuko chuoni, na ana baipola, ule ugonjwa wa akili wa hisia na nguvu kupanda kupita kiasi, kisha kushuka. Tumeshamkimbiza hospitali mara mbili, na mara zote ilianza kwa kukesha: anapigia watu simu saa tisa usiku, anapanga biashara, anagawa vitu vyake. Binamu yake anasema kuna programu ya simu inayoweza kugundua ugonjwa kabla haujapanda. Ni kweli? Nataka kumwekea bila yeye kujua, maana akijua atakasirika.
Mama, Nyalenda, Kisumu

JIBU: Pole, mama. Mtoto akikesha, najua nawe hulali.

Binamu hakukudanganya. Simu ina vihisi vinavyojua inapobebwa, inapolazwa mezani, na skrini inapowashwa. Mwaka 2013 watafiti wa chuo cha Dartmouth, Marekani, waliwafuatilia wanafunzi 48 kwa wiki 10 kupitia simu zao: wanavyolala, wanavyotembea, wanavyozungumza na wenzao. Walikuta mienendo hiyo ikienda sambamba na msongo na huzuni yao. Na huko Chicago kuna programu ya utafiti iitwayo BiAffect, iliyolenga ugonjwa huu huu wa mwanao. Haisomi maneno, hupima kasi ya vidole kwenye kibodi na mara ngapi mtu anafuta alichoandika.

Sasa irudishe Nyalenda. Kijana anayechanganya Dholuo na Sheng kwenye kibodi ya Kiingereza atafuta na kurudia hata siku akiwa mzima kabisa. Kwa hiyo usimlinganishe na mtu mwingine yeyote, mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Kama likizoni anaenda Dunga kuvua omena, usiku wa giza atakuwa ziwani na taa hadi alfajiri, na simu itaandika kwamba hakulala. Halafu unasema akipanda anagawa vitu. Simu yenyewe inaweza kuwa ya kwanza kugawiwa.

Lakini kubwa kuliko yote ni uchovu. Aliyekesha kwa kazi au kwa mawazo huamka macho mazito, anatafuta kitanda. Baipola ikianza kupanda, mtu hulala kwa saa mbili au tatu tu, na asubuhi ana nguvu kukushinda wewe uliyelala. Simu itahesabu saa zilezile kwa wote wawili. Wewe ukimpa chai utaiona tofauti.

Kuhusu siri, nakuomba sana usifanye. Ni mtu mzima, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Ila hata sheria tuiweke kando. Wagonjwa wangu wengi wakianza kupanda hushuku kwamba wanafuatiliwa. Nilimuuguza kijana aliyekuta kitu kama hicho kwenye simu yake, amewekewa na kaka yake. Tungemwambia nini, kwamba ni mawazo tu? Ilikuwa kweli. Ilituchukua miezi kabla hajakubali tena kumeza dawa kutoka mkono wa mtu wa nyumbani.

Mwambie sasa hivi, akiwa mzima. Mkubaliane yeye mwenyewe achague kinachorekodiwa, iwe usingizi peke yake, na nani ataona. Mkubaliane pia dalili: siku mbili mfululizo amelala chini ya saa nne, hakuwa ziwani, na hana uchovu, mnapiga simu kliniki siku hiyohiyo. Msingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, na msimwongezee wala kumpunguzia dawa kwa sababu ya namba za simu. Akitaja kufa, mpelekeni hospitali usiku huohuo.

Akikataa programu, nunua daftari la shilingi chache. Kila asubuhi aandike mwenyewe alilala kwa saa ngapi, na wewe andika kando yake kama aliamka amechoka. Mje nalo kliniki, nyote wawili.