Virusi havionekani, mbona presha iko juu?

Ndugu, umeuliza inakuwaje presha isome 150/95 ilhali kipimo kinaonyesha virusi vya UKIMWI (VVU) havionekani. Ni mambo mawili tofauti. ARV huzuia virusi kuzaliana, lakini kinga ya mwili hubaki imeamka chinichini, hali ambayo huichakaza mishipa ya damu polepole. Ndiyo maana hatari ya ugonjwa wa moyo kwa wenye VVU ni karibu mara mbili ya wasio navyo. Hapo bado umri, chumvi, sigara, na unene unaowapata baadhi ya wanaotumia dolutegraviri, mojawapo ya ARV.

Tafadhali usiache ARV ukidhani kuziacha ndiko kutashusha presha! Utafiti wa SMART, 2006, ulionyesha kuzikatiza kunaongeza matatizo ya moyo.

Pima tena siku nyingine, ukiwa umekaa na kutulia dakika tano. Ikibaki 140/90 au zaidi, nenda kwa daktari na umtajie kila kidonge unachomeza: ritonaviri, iliyomo katika baadhi ya ARV, hupandisha kiwango cha amlodipini (dawa ya presha) mwilini, na simvastatini (dawa ya kolesteroli) haichanganywi na ritonaviri kabisa. Kama umefika miaka 40, muulize kuhusu statini, dawa za kushusha kolesteroli. Katika utafiti wa REPRIEVE, 2023, uliofanywa kwa wenye VVU, statini iitwayo pitavastatini ilipunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 35.