Sura ya Jaguar, Injini ya March: Maswali ya Wasomaji

Barua za mwezi huu zimeegemea upande mmoja: magari ya juzi kuvalishwa sura za kizamani. Tumechagua nne.

Kuna kigari kinauzwa mtaani kwetu, mbele kama Jaguar ya zamani kabisa, ndani kama gari dogo la kawaida. Muuzaji anasema ni "Jaguar ya Japani". Ni kweli? Spea zake ninapata wapi?
*Msomaji, Nairobi*

Jaguar hawahusiki. Hiyo ni Mitsuoka Viewt, iliyotengenezwa na kampuni ndogo ya mji wa Toyama, Japani. Toleo la kwanza lilitoka 1993. Walichukua Nissan March ya toleo la K11, ambayo Ulaya huitwa Micra, wakaivalisha pua inayofanana na Jaguar Mark 2 ya 1959 hadi 1967. Milango, paa, injini, gia na breki vimebaki vya March.

Dukani basi usiombe spea za Viewt, utaambiwa hazipo. Omba za March K11 na useme injini ni ya lita 1.0 au 1.3. Kazi iko kwenye vitu vya mbele: boneti, grili, bampa na pete za taa. Hivyo havipatikani kwa wauza spea wa kawaida, na kwa sheria ya Kenya inayokataza kuingiza magari yaliyozidi miaka 8, Viewt nyingine ya K11 haiwezi tena kuingizwa ikuletee pua. Kabla ya kulipa, piga magoti mbele ya gari uangalie kuzunguka taa na kwenye pembe za grili. Nyufa nyembamba chini ya rangi mpya zina maana kwamba pua imeshawahi kugongwa ikafunikwa kwa pati (ile ya kujazia mabonde ya bodi). Bei ishuke hapo hapo.

Nina March K11 ya 1999. Fundi wa boti za faiba hapa kwetu anasema ananitengenezea pua ya namna hiyo. Nimnunulie nini, kiasi gani, na niangalie nini asije akaniharibia gari?
*Mpenda March, Tanga*

Fundi wa boti ni chaguo zuri kuliko fundi bodi anayejenga sura kwa pati. Pati ikizidi milimita 3 hivi juu ya bati hupasuka, gari likitikisika inabanduka vipande. Sura ijengwe kwa faiba, pati iwe ya kusawazishia tu.

Kwanza vifaa. Boneti, madigadi mawili na uso wa mbele havizidi mita 4 za mraba. Weka matabaka matatu ya mati (mkeka wa nyuzi za faiba) ya gramu 450 kwa mita ya mraba, upate unene wa karibu milimita 3. Hesabu yake ni kilo 5.4 za mati, na resini ya poliesta mara mbili na nusu ya uzito huo, yaani kilo 13.5. Nunua kilo 16, maana nyingine itabaki kwenye brashi na ndoo. Gelikoti, lile tabaka laini la nje, ni gramu 600 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kama kilo 2.4. Ongeza nta ya kalibu, la sivyo kipande hakitoki.

Hadena, dawa ya kugandisha resini, ndiyo inayowaharibia wengi. Kwa joto la Tanga asilimia 1 inatosha, yaani gramu 10 kwa kilo moja ya resini, ipimwe kwa mizani. Asilimia 2 ni ya mahali penye baridi. Ukizidisha, resini inaganda kabla mati haijalowa, na kipande kinajikunja. Changanya kilo moja moja, kwa sababu resini nyingi ndani ya ndoo hujichemsha yenyewe mpaka ikatoa moshi. Miwani ya kinga ni lazima: tone moja la hadena linaweza kupofusha jicho. Na kama resini yenu huwekwa dawa ya kuharakisha (ile ya kobalti), isikutane na hadena moja kwa moja, inalipuka. Dawa hiyo huchanganywa kwenye resini kwanza, hadena inafuata mwisho. Msimu wa masika acheni kazi siku ya mvua, kwani mati yenye unyevu huacha madoa meupe yasiyoshika.

Sasa gari lenyewe. Uzuri wa K11 ni kwamba boneti na madigadi ya mbele yamefungwa kwa bolti. Vifungue, vifunge kwenye gunia, uviweke darini. Usikate kitu. Fundi akishika grenda na kusema "hili chuma la ndani linazuia pua", mzuie yeye. Lile chuma la nyuma ya bampa ndilo linalobeba mgongano, na faiba ya milimita 3 haibebi chochote. Pua ndiyo ilifuate chuma.

Vipande vijaribiwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si juu ya jeki, kwa kuwa bodi ikinyanyuliwa hupinda kidogo na mianya yote inahama. Tafuta mwanya wa milimita 4 hadi 5 kati ya digadi na mlango, ulio sawa juu hadi chini. Matundu ya bolti za milimita 6 yatobolewe kwa milimita 8, na kila bolti iwe na washa pana ya milimita 25 na raba chini yake. Bati na faiba havitanuki sawa juani, na tundu likibana, ufa unaanzia hapo hapo.

Boneti ni habari nyingine. Faiba tupu haishiki bawaba. Pachika vibati vya chuma vya milimita 2 katikati ya matabaka, mahali pa bawaba na pa loki, na uzungushie ubavu wa kuikaza kwa ndani. Tumia loki ya March yenyewe pamoja na kile kindoano chake cha pili cha usalama, kisha ongeza pini mbili za boneti. Boneti nyepesi ikifunguka kwenye kilomita 90 kwa saa inakuja kwenye kioo chako.

Usikimbilie rangi. Vifunge vipande kwenye gari, uliache juani wiki mbili. Resini inaendelea kukomaa, na ukipaka mapema nyuzi za mati zitajichora juu ya rangi baada ya muda, hata aliyepaka awe hodari namna gani.

Taa za duara za inchi 7 (milimita 178) zinatumia balbu ya H4, sawa na March nyingi za K11, kwa hiyo plagi zinaingia. Tazama kioo cha taa: sisi tunaendesha kushoto, na taa ya nchi za kuendesha kushoto yenye alama za Ulaya huwa na mshale mdogo unaoelekea kulia kwako ukiwa umesimama mbele ya gari. Isiyo na mshale ni ya nchi za kuendesha kulia, itampofua anayekuja. Hizo ndizo zinazouzwa rahisi. Balbu ziwe za wati 60/55 tu. Kupima, simamisha gari mita 5 kutoka ukutani: ukingo wa mwanga wa chini ukae sentimita 5 chini ya kimo cha katikati ya taa.

Mkimaliza, mabadiliko ya rangi yaandikwe TRA, na kampuni ya bima iarifiwe kuhusu bodi kabla ya ajali, si baada.

Nilibadilisha uso wa gari nikaweka grili ya kromu ya kusimama. Mjini halina tatizo. Nikipanda milima geji ya joto inapanda. Fundi amebadilisha themostati na kifuniko cha rejeta, bado.
*Msomaji, Morogoro*

Gari linalochemka kwenye foleni tu, shuku feni. Linalochemka likiwa kasi au mlimani, hewa haipiti kwenye rejeta, au maji hayazunguki. Lako lilianza baada ya uso mpya, basi anza na hewa.

Pima eneo wazi la grili ya zamani kwa sentimita za mraba, pamoja na tundu la chini ya bampa, kisha pima la sasa. Grili nyingi za kromu zina bamba nyuma ya fito, kwa macho ziko wazi kumbe zimeziba. Likate bamba, ubakize fito. Pili, tafuta plastiki zilizokuwa pembeni mwa rejeta. Mafundi huziona takataka na kuzitupa, ilhali ndizo zinazoilazimisha hewa ipite katikati ya rejeta badala ya kuchepuka pembeni. Kama zimepotea, ziba mianya kwa raba ya milango au sponji ngumu, kuanzia grili hadi ukingo wa rejeta, pande zote nne. Taa za ziada mbele ya grili nazo ziondoke.

Nina RAV4 ya 2021. Nimeona Mitsuoka Buddy na nimeipenda sana. Naweza kuvalisha yangu uso kama ule kwa mafundi wa hapa?
*Mswahili wa Maskati*

Buddy ni RAV4 kweli, iliyovalishwa sura ya magari makubwa ya Kimarekani ya miaka ya 80. Ila gari lako huenda lina kitu ambacho March ya 1999 haina: rada nyuma ya nembo ya mbele, inayopima umbali wa gari lililo mbele yako na kukufungia breki. Chuma au kromu ya kweli mbele ya rada hiyo inaiziba. Hata faiba nene, pati au rangi yenye chembe za metali huidhoofisha, na bamba lililoinama huipotosha.

Usianze mpaka fundi akuonyeshe mchoro wa pale itakapokaa rada, ikiwa kwenye kimo na pembe ile ile, na plastiki ya aina ya kiwandani mbele yake. Uso ukishafungwa, gari liende kwenye karakana yenye mashine ya kusawazisha rada upya. Taa ya onyo isipowaka kwenye dashibodi usidhani mambo yamekwisha: rada iliyopinda kidogo inaweza kusoma gari la njia ya pili na kukufungia breki katikati ya barabara kuu.

Kama karakana hiyo haipo karibu nawe, badilisha bampa ya nyuma, rimu na rangi, uache nembo ya mbele ilipo.