Wanaojiita wakusanya madeni kwa simu: walivyonitapeli hapa Kibirizi, Kigoma, na ninavyowajua sasa

Mkuu, umeuliza mama yako aliyeko Kasulu afanye nini. Amepigiwa na mtu anayejiita afisa makusanyo, akaambiwa alimdhamini mtu mkopo wa simu, deni limefika 480,000, na asipotuma 150,000 leo hii polisi watamfuata nyumbani. Wengi wamekujibu "apuuze tu". Ni kweli apuuze, lakini mtu mzima aliyetajiwa majina yake matatu na kutishiwa kufungwa hatulii kwa neno moja hilo. Ngoja nikueleze yaliyonikuta, ili ukimpigia uwe na la kumwambia.

Mimi ni muuza dagaa. Nanunua mwaloni Kibirizi, naanika, napeleka Tabora na Dar. Asubuhi moja nikiwa nageuza dagaa kwenye chanja, simu ikaita, namba ngeni. Mwanaume, sauti ya upole kabisa, nyuma yake nasikia watu wanaongea kama wako ofisini. Akataja majina yangu yote matatu, kwa mpangilio ule ule wa kitambulisho. Akasema, "Mama, mkopo wako una siku 94 bila rejesho. Faili liko mezani kwangu, nataka nikusaidie kabla halijaenda polisi." Deni akalitaja: 387,500.

Sasa mwaka mmoja nyuma nilikuwa nimekopa kweli kwenye programu ya simu, kipindi cha mbalamwezi wavuvi wakiwa hawaingii ziwani na mtoto anadaiwa ada. Nililipa nikamaliza. Lakini aliposema tu "mkopo", akili yangu ikaenda kule kule. Nikamuuliza, "Ni ule wa kampuni fulani?" Akajibu, "Ndiyo mama, huo huo." Nimeirudia simu ile kichwani mara nyingi sana, na kila mara naona pale ndipo aliponishika. Yeye hakuwa na jina la kampuni yoyote. Nililitaja mimi, akalidaka.

Akataka 60,000 "ya kusimamisha faili", akasisitiza nisikate simu kwa sababu mfumo utamtoa. Nikatembea hadi kwa wakala simu ikiwa sikioni. Nilipoingiza namba aliyonipa, likatokea jina la mwanamke, jina la mtu wa kawaida. Nikamuuliza, akasema ni mhasibu wao. Nikabonyeza kukubali. Haikupita saa moja akapiga tena, safari hii anataka 90,000 ya "barua ya kufuta deni". Nilikaa juu ya gunia nikalia, maana hapo nilishaelewa.

Aliyenifungua macho ni shemeji yangu, yeye ni wakala pale Mwanga. Nilimwambia, "Shemeji, lakini alijua majina yangu yote!" Akachukua simu yake, akaingiza namba yangu kama anayetaka kunitumia pesa, akanionyesha kioo: majina yangu yote matatu yametokea kabla hajathibitisha muamala. Akafuta. Hakutumia hata shilingi. Mwonyeshe mama yako jambo hili hili kwa macho yake, au mwombe kijana aliye karibu naye amwonyeshe. Kinachowatisha watu wengi ni kusikia majina yao, na majina hayo anayapata mtu yeyote mwenye namba yako.

Kuhusu udhamini, mtu hafanywi mdhamini bila yeye mwenyewe kukubali. Namba ya mama kuwa kwenye simu ya mtu aliyekopa hakumfanyi mdhamini, wala hadaiwi kitu.

Na kuhusu polisi: deni la mkopo ni kesi ya madai, si ya jinai. Anayekudai anakwenda mahakamani, mahakama inatoa wito wa maandishi unaokufikia mkononi, unasikilizwa. Dalali wa mahakama naye hakamati mali ya mtu mpaka kuwe na amri ya mahakama. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayomalizwa kwa kutuma pesa kwenye namba ya mtu binafsi kabla ya saa kumi jioni.

Mwaka huu walinipigia tena, mtu mwingine, maneno yale yale. Safari hii nilikuwa tayari. Nikamwambia anitajie yeye kampuni yake, mimi simtajii. Akataja jina refu lenye neno "Finance". Nikamuuliza nilikopa tarehe gani, kiasi gani, na pesa iliingia kwenye namba ipi. Akaanza kupandisha sauti. Nikamwambia, "Sawa baba, nitajie ofisi yenu iko mtaa gani, nakuja na mume wangu kulipa huko huko, mnipe risiti." Akakata. Anayekudai kweli angefurahi kusikia unakwenda kulipa.

Kampuni ukishatajiwa, ihakiki mwenyewe. Wakopeshaji wa aina hii wanapewa leseni na Benki Kuu (BoT) chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya BoT. Novemba 2024 BoT walitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Usipige namba aliyokupa mpigaji. Tafuta namba ya kampuni kwingine kabisa. Akijifanya anatoka mtandao wa simu, huduma kwa wateja wanakupigia kwa 100 tu. Na mama asibonyeze tarakimu zozote za nyota na reli anazosomewa, asitaje namba ya NIDA, wala namba ya siri.

Kuna jambo moja nataka mlitenganishe hapa, maana naona wachangiaji wanalichanganya. Wapo wanaodaiwa kweli na hizi kausha damu, yaani mikopo ya riba kali, halafu wakusanyaji wanatuma meseji za matusi kwa mashemeji, wakwe na majirani. Huo si utapeli wa deni hewa, deni lipo. Lakini kumdhalilisha mtu namna hiyo ni kosa pia. Tunza meseji zote, lalamika BoT na kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sheria yake ni ya 2022. Deni lako lipe kwa njia iliyoandikwa kwenye mkataba, si kwa namba ya afisa.

Kama mama ameshatuma, usilale. Apige 100 kwa laini yake dakika hiyo hiyo, awape kumbukumbu namba ya muamala na aombe pesa izuiwe kabla haijatolewa. Mimi nilichelewa siku nzima kwa aibu, nikakuta imeshatolewa. Kisha aripoti polisi akiwa na ile meseji ya muamala. Namba ya tapeli iripotiwe TCRA, mamlaka ya mawasiliano: unatuma neno UTAPELI kwenda 15040, wanakujibu uweke namba iliyokusumbua. Ni bure na haichukui muda. Mkimaliza piga *106# muangalie kama kuna laini asiyoijua imesajiliwa kwa kitambulisho chake, kwa sababu namba wanazopokelea pesa mara nyingi zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine. Yule mwanamke ambaye jina lake lilitokea kwenye simu yangu, huenda hata hajui.

Na tafadhali, usimgombeze. Mimi nilikaa wiki tatu sijamwambia mume wangu, nikawa nashtuka kila simu ikiita usiku. Mpigie leo kabla ya jioni, maana muda waliompa ni leo. Mwambie wakipiga tena akate bila kuaga, halafu akupigie wewe. Akiona moyo bado mzito, aende na simu yake kwa mwenyekiti wa mtaa wake, amsomee hizo meseji. Akipata namba nyingine ya hao watu, iripotiwe nayo 15040.