Bahati haikufuati kitandani, nilijifunza kwa bibi Mikindani

Wanasema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Nimelisikia hilo toka mtoto na nilikuwa nalichukulia kama maneno ya kwenye kanga tu, mpaka 2016 niliposimamishwa kazi.

Wakati ule wa gesi Mtwara ilikuwa imechangamka mno, wageni kila kona, nyumba za kupanga zimepanda bei, na mi nilikuwa dereva na mtunza stoo kwenye kampuni moja iliyokuwa inahudumia wale wa mradi. Bomba la kwenda Dar lilipokamilika 2015 kazi zikaanza kupungua, mwaka uliofuata tukaambiwa asanteni. Nikarudi chumbani kwangu Magomeni nikawa mtu wa kulala mpaka saa nne, nikiamka nashika simu, na kwa bahati mbaya nikaingia kwenye kubeti. Kila jioni mkeka. Nilikuwa najiambia natafuta bahati, na nilikuwa naamini kabisa, yaani hela ya mboga inakwenda na mi nahesabu mechi nilizobakiza. Naliandika hili kwa uchungu maana najua kuna kijana anasoma hapa akiwa palepale nilipokuwa. Ndugu yangu, kukaa unasubiri ikuangukie, hata kama unalipia kusubiri huko, bado ni kukaa.

Aliyenitoa ndani ni bibi yangu wa Mikindani. Yeye ni mtu wa pweza, kamlea mama yangu kwa pweza, na mpaka leo miguu inamuuma lakini bamvua likifika, yale maji ya kujaa na kukupwa sana, haulizwi. Akanipigia simu akasema mjukuu wangu njoo unisaidie kubeba ndoo. Basi nikaenda, sina cha kufanya.

Bamvua linakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwaiyo kila baada ya wiki mbili hivi, na huku kwetu maji yanakupwa vizuri asubuhi kwenye saa nne saa tano, mwamba unabaki mtupu unatembea mbali kabisa. Mi nilikuwa napita naona mawe tu na nyasi. Bibi anasimama, anainama, ananionyesha tundu ambalo nimelipita sasa hivi. Pembeni pana maganda ya kaa, maganda ya kome mawili matatu, na vijiwe vimesogezwa mlangoni kama mtu kapanga. Anasema huyu kala jana usiku, katupa takataka zake nje. Anaingiza chuma chake taratibu, anasikilizia kwa mkono, anazungusha, mara mkono wa pweza huo unamzunguka kifundo. Siku ile alipata wanne, mi sikupata hata mmoja, na tulipita njia ileile. Tulipokuwa tunarudi akaniambia neno ambalo sijalisahau, "Pweza hakuiti jina mjukuu wangu, ila anayepita kila bamvua anamjua mlango wake."

Nikaanza kutoka. Sio kwamba nilikuwa na mpango, hapana, nilikuwa natoka tu, naenda soko la Chikongola, naenda feri, nikisikia kuna mtu anataka kusindikizwa na mzigo naenda. Mtembea bure si sawa na mkaa bure, hili nalo ni la wazee.

Sasa ikafika siku nimeambiwa Masasi kuna mtu anatafuta dereva. Nikapanda kosta asubuhi, tulipofika Mnazi Mmoja pale njia panda ya Lindi na Masasi gari likaharibika, tukaambiwa subirini mnaletewa lingine. Watu walikasirika, wengine wakakaa kimya na simu zao. Pembeni yangu kulikuwa na mzee mmoja wa Nanganga na mashine ya kupulizia mikorosho, kaifunga kwenye kiroba. Nikamwamkia shikamoo babu, akaitika, tukaulizana ya nyumbani, ya mvua, ya shamba, si mnajua salamu za kusini haziishi haraka. Akasema mashine inamtesa, kaipeleka Lindi kwa fundi kaambiwa anunue mpya, na ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, hausubiri, maua yakishapata ule unga mweupe msimu umekwenda. Kisha akaniuliza, na we mjukuu wangu unafanya kazi gani?

Hapa nataka msimame kidogo, maana miezi yote ile mtu akiniuliza hivyo nilikuwa najibu "nipo nipo tu". Sote tunajibu hivyo. Tunaona aibu, au tunaogopa kuonekana tunaomba. Lakini ukisema nipo tu umeshamfungia mtu mlango, hata angekuwa na kazi mfukoni hajui akupe vipi. Siku ile sijui nini kilinisukuma nikamwambia ukweli, nilikuwa dereva na stoo, nimesimamishwa, natafuta chochote, na injini ndogo nazielewa maana kule stoo nilikuwa natengeneza jenereta za pump. Akafungua kiroba palepale.

Nikatoa plagi, imejaa masizi meusi yamelowa mafuta. Chujio la hewa limeziba unga wa salfa, ile dawa ya kupulizia, mpaka limekuwa kama keki. Nikamuuliza oili anachanganya kiasi gani na petroli, akanionyesha kwa kifuniko, nikaona ni nyingi kupita kiasi. Nikaazima msasa kwa kijana wa pikipiki, nikasugua plagi, nikakung'uta chujio, nikavuta kamba. Mara ya kwanza kimya. Ya pili ikakohoa. Ya tatu ikashika, moshi mweupe, na watu wote wa kwenye kosta wakageuka.

Masasi nafasi ya udereva ilikuwa imeshachukuliwa. Ila wiki mbili baadae nilipigiwa simu na mtu mwingine wa Nanganga nisiyemjua, kapewa namba na yule mzee, ana mashine tatu zimelala. Kisha Ndanda. Kisha chama kimoja cha msingi kikaniita kabla ya msimu kukagua mashine za wakulima wao. Leo miezi ya sita mpaka ya tisa silali nyumbani vizuri, nazunguka na begi langu, na ndo kazi inayonilisha.

Kuna mwanasosholojia wa Marekani anaitwa Mark Granovetter, 1973 aliandika kuhusu jambo hilihili. Aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu, mtu huyo mlikuwa mnaonana mara ngapi? Waliosema mara kwa mara hawakufika hata mmoja kati ya watano. Wengi walisaidiwa na watu wa kuonana nao mara moja moja tu. Na ukifikiri inaeleweka, maana rafiki zako wa kijiweni wanajua unachokijua, habari inazunguka palepale. Habari mpya anayo mtu wa Nanganga ambaye umekutana nae njia panda.

Hata mifupa ya Tendaguru huko Lindi, ya wale mijusi wakubwa wa kale, dinosaria, ilikwenda hivyo. Wenyeji walikuwa wanapita pale miaka na miaka, kisha mhandisi wa madini wa Kijerumani, Sattler, akaiona akiwa katika shughuli zake nyingine kabisa, akamwambia mkubwa wake, habari ikapanda mpaka kwa wataalamu, na kati ya 1909 na 1913 watu wetu wakachimba na kubeba mifupa ile mpaka bandari ya Lindi. Mjusi mwenyewe yuko Berlin. Linaniuma kila nikilikumbuka, maana miguu iliyopita pale kila siku ilikuwa yetu, ila aliyekuwa na mtu wa kumpelekea habari alikuwa mwingine.

Kwaiyo nikiulizwa nashauri nini, nasema toka, na ukitoka usipange siku ikabana mpaka ukakosa nafasi ya kusimama na mtu. Nabeba msasa, spana ya plagi na kalamu kila niendapo, hata msibani. Nikiulizwa kazi nasema kazi yangu, kwa sentensi moja inayoeleweka. Wale wa dawa za mvuto wa bahati, wenye mabango kwenye nguzo, achana nao, hela hiyo panda gari uende kijiji usichokijua. Na mtu akikufungulia njia mrudie umwambie ilivyokuwa, wengi hawarudi.

Mimi kila msimu malipo ya korosho yakianza kutoka napita Nanganga na sukari na mkate. Mwaka jana nilimkuta mzee kakaa chini ya mwembe na kijana mmoja ana kiroba, katokea Ruangwa. Mzee hata hakunisubiri niketi. Akamwambia yule kijana, "Huyu ndo yule wa Mnazi Mmoja, haya, mwambie we unafanya kazi gani."