Maswali na majibu: Ugumu wa mradi wa jengo unapimwaje?

Ghorofa nyingi si ndiyo ugumu wenyewe?

Si lazima. Empire State Building ya New York ina ghorofa 102, na ilikamilika mwaka 1931 baada ya miezi 13 na ushei tu. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kurudia ghorofa juu ya ghorofa, na kazi inayojirudia mafundi huizoea upesi.

Mkadiriaji majenzi wetu anaangalia gharama tu. Nipime kwa kipi?

Ghala kubwa huweza kumeza fedha kuliko kituo kidogo cha upasuaji, na bado likawa jepesi kujenga. Angalia nani anamsubiri nani. Andika kila kundi la mafundi, kisha chora mshale kila mahali ambapo kazi ya mmoja haianzi bila ya mwenzake kwisha.

Chukua nafasi iliyo juu ya dari ya ujia wa hospitali. Humo hupita maji taka, oksijeni, njia za hewa, nyaya na mabomba ya zimamoto, wakati mwingine ndani ya kimo kisichofika hata mita moja. Bomba la maji taka lazima liwe na mteremko, kwa hiyo lipangiwe njia mapema. Njia za hewa ni pana na hazipindiki ovyo. Nyaya zinakunjika, zinaweza kusubiri. Fundi umeme akitangulia kujipangia, wenzake watambomolea. Mishale inapojazana namna hiyo, hapo ndipo umweke mhandisi wako hodari kuliko wote.

Kisha ongeza kwenye hesabu ya ugumu udongo ambao haujapimwa, na mbinu ambayo timu yako haijawahi kuitumia.

Mkandarasi anataka kuanza msingi, michoro ya paa bado. Nimruhusu?

Kama paa si la kawaida, mkatalie. Sydney Opera House, jumba la maonyesho la Australia lenye paa la umbo la makombe, ilianza kujengwa 1959 kabla haijajulikana paa litasimamaje. Ufumbuzi ulipopatikana, nguzo zilizokwisha kujengwa zikaonekana dhaifu, ikabidi zijengwe upya. Makadirio ya dola milioni 7 za Australia yaliishia milioni 102, na jengo likafunguliwa 1973. Paa halikuwa sababu pekee, lakini papara ile iliumiza.

Tathmini moja inatosha?

Haitoshi. Mwenye jengo akihamisha choo baada ya zege la sakafu kumwagwa, chora mishale upya kabla hujamwahidi tarehe ya kukabidhiwa.