Barua kwa mwanangu: neno läxa

Mwanangu mpendwa,

Mama yako anakusalimu, goti limepoa kidogo. Umeuliza neno läxa, ile kazi ya shule anayorudi nayo mjukuu wangu Neema nyumbani, Waswidi walilitoa wapi, na kama ni ndugu wa lektion, neno lao la kipindi cha somo. Ni ndugu, tumbo moja. Mama yao ni lectio ya Kilatini, yaani kusoma. Läxa ndiye aliyetangulia, akapitia Kijerumani cha kaskazini cha zama za kati, akasuguliwa njiani. Lektion alikuja baadaye na sura yake ya Kilatini. Wafini nao wakalichukua läxa kwa Waswidi, wanasema läksy. Na sisi, somo letu si limetoka katika kusoma?

Lakini neno lililonishika mimi kule Uppsala, mji wa Uswidi, ni förhöra, mzazi kumsikiliza mtoto akisema läxa yake. Ndani yake mna höra, kusikia. Zamani wachungaji wao walipita vijijini kuwasikiliza watu katekisimu, matajiri na watumishi pamoja. Nimekwambia siku zote: kusoma ni kusikilizwa.

Babu yako, unajua, hakujua hata a. Ila kila jioni alikaa kando ya kibatari, nami nikasimama mbele yake nikisema katekisimu kwa kichwa. Jioni moja usingizi ulinizidi, nikaruka amri ya nane na maelezo yake yote. Nilijua hawezi kunishika. Akapunguza utambi, kimya, kisha akasema: “Jana ilikuwa ndefu.” Akaenda kulala. Waswidi mtu akikaripiwa husema läxa upp. Mimi sikukaripiwa. Heri angenikaripia. Nilikuwa na miaka 9, leo nina 74.

Unasema kuna shule huko zimeacha kabisa kutoa läxa, na mwalimu wa Neema anafikiria hivyo hivyo. Pengine wana haki, maana mtoto asiye na wa kumsaidia nyumbani anaachwa nyuma. Hata hivyo babu yako angenisaidia nini? Alisikiliza tu. Lakini si kila mtoto ana babu wa namna ile, hilo nalo kweli. Basi, nyumba ni yako, sisemi. Ningesema, ila sisemi.

Leo jioni mketishe Neema, simu iwe chumba kingine, akusomee mpaka mwisho. Kisha niandikie kama kuna mahali aliruka.

Baba yako